Kati ya Kengele ya Pili na ya Tatu

Alhamisi, Oktoba 2013. Kashojwa, Nakivale.

Mvua ilianza kabla hatujanywa chai na bado inanyesha. Mawe ya Papa, baba yangu, yanachujuka rangi. Nimekaa mlangoni na simu mkononi, naangalia chokaa ikitiririka kuelekea kwa jirani, na leo sina hata nguvu ya kumcheka Papa.

Mnaonisoma hapa mmezoea nilalamikie foleni ya maji, maharage yaliyooza, na net inayokuja na kuondoka inavyotaka. Leo sina utani. Nina hasira, na kwa mara ya kwanza sijui nimkasirikie nani.

Nianze na Papa. Kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikianza na yeye.

Papa alikuwa shefu wa gare. Kwa wasiotoka kwetu, huyo ni mkuu wa stesheni ya treni. Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, lakini kazi ilimpeleka mbali, kwenye ile reli inayotoka Kalemie kando ya ziwa kwenda Kabalo. Stesheni yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba abiria waliosinzia waliipita bila kujua. Ilikuwa na nyumba ya matofali mekundu, tanki la maji juu ya nguzo za chuma, saa ya ukutani iliyoletwa na Wabelgiji, na kengele barazani.

Shuleni tulifundishwa kwamba reli ile ilijengwa na Wabelgiji. Babu zetu ndio waliobeba mataruma na kuzikwa kando yake, lakini sawa, ilijengwa na Wabelgiji. Walijenga na vyumba viwili vya kusubiria. Kimoja cha Wazungu, chenye viti vya migongo. Kingine cha weusi, chenye sakafu. Nilipozaliwa mimi, Mama alikuwa anakausha mihogo kwenye chumba cha Wazungu, na alifurahia sana jambo hilo.

Papa alisimulia kwamba zamani treni ya abiria ilipita kila siku, ina daraja la kwanza, la pili na la tatu, na watu walirekebisha saa zao kwa mlio wake. Mimi sikuiona treni hiyo. Treni ya utoto wangu ilikuja mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, halafu ikawa inakuja ikijisikia. Mabehewa hayakuwa na vioo. Watu walikaa juu ya paa na mbuzi wao. Lakini Papa aliendelea kupiga pasi sare yake, kupaka chokaa mawe ya ukingo wa jukwaa, na kupiga kengele zake tatu.

Hizo kengele ndizo zilizotulea.

Ya kwanza ilimaanisha treni imetoka stesheni iliyotangulia. Wanawake waliwasha moto, wakapasha samaki wa kuwauzia abiria dirishani. Ya pili ilimaanisha treni imesimama, pandeni. Ya tatu, Papa aliinua bendera ya kijani na treni ikaondoka. Kati ya ya pili na ya tatu kulikuwa na dakika kumi. Papa hakuwahi kuzipunguza wala kuziongeza. Siku moja mheshimiwa mmoja wa serikali aliachwa akiwa anafunga vifungo vya suruali nyuma ya ghala, na Papa akaandika barua ya kujieleza kwa mwandiko mzuri kabisa. Kwa hiyo sisi tulioishi pale tulijua: ukisikia ya pili, una dakika kumi. Unaweza kurudi nyumbani, ukachukua kitu, ukarudi bila kukimbia. Tulikuwa tunafanya hivyo kila mara.

Na kulikuwa na rejista. Daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila treni ina mstari wake: kengele ya pili saa ngapi, ya tatu saa ngapi, imechelewa dakika ngapi, sababu nini. Nilijifunzia kusoma humo. Sababu: ng'ombe njiani. Sababu: mafuta yamekwisha. Sababu: dereva anaumwa tumbo. Papa alisema mtu anayeandika ucheleweshaji bila sababu ni mwizi, ameiba muda wa watu na hataki kusema ameupeleka wapi. Nilivyojua mimi, hakuna mstari uliokosa sababu.

Rejista hiyo iko hapa. Hukaa imefungwa kwenye plastiki, juu ya rafu, pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo. Ilivuka ziwa na mipaka pamoja nasi, wakati sufuria, magodoro na picha zote tuliziacha. Papa huifuta vumbi kila Jumamosi. Sijawahi kumwona akiifungua, na mimi pia, mpaka leo, sikuwahi kuifungua tangu tuondoke.

Hapa Kashojwa wanamwita Shefu. Amepanga mawe mbele ya nyumba yetu ya udongo, mstari ulionyooka, na kuyapaka chokaa, na ukikanyaga kati ya jiwe na jiwe anakukoholea. Majirani wakipita wanamwuliza treni inafika saa ngapi. Anawajibu bila kucheka, "Bado. Haijatoka kule nyuma."

Zamani jibu hilo lilinichekesha. Baadaye likaanza kunikera, nikawa natoka nje likisemwa.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo jana isingekuwepo.

Tulipofika Nakivale, kambi hii ya wakimbizi hapa Uganda, mimi na Papa tulihojiwa, kila mtu peke yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Asubuhi, kwenye foleni pale Base Camp, nikakaa karibu na mama mmoja wa Uvira aliyekuwa na mwaka mzima kambini na alijiona profesa wa mahojiano. Akanishika mkono.

"Usiseme treni, mama wee. Treni ni tiketi, na tiketi ni makuta. Batasema uko mutu wa makuta. Bale banapenda mutu mwenye alitembea na miguu."

Makuta kwetu ni pesa. Wote kwenye foleni wakaitikia. Kila mtu pale alikuwa ametembea kwa miguu, hata yule aliyefika na basi. Tulikuwa tunarekebishiana hadithi kama wanawake wanaorekebishiana vitenge kabla ya kuingia kanisani. Na mimi nikaingia nikasema tulitembea. Wiki tatu porini. Nikasema Mama alishikwa na homa njiani, tukamwacha kwenye kanisa moja, hatukumwona tena. Nililia pia. Machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya hadithi ile.

Papa naye aliingia chumba cha pili akasema tulikuja na treni. Akataja stesheni zote mpaka Kalemie, kwa mpangilio, na umbali wa kila moja.

Foleni haikuwa sababu yote. Leo naweza kukiri. Nilikubali ushauri wa yule mama haraka sana kwa sababu sikutaka kuizungumzia treni ile kwa mtu yeyote. Hata bila yeye ningetafuta namna ya kuiruka.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikazaa wawili. Baba yao alienda Kampala kutafuta kazi na bado anaitafuta. Mwaka juzi faili letu likaanza kutembea, lile la kupelekwa nchi nyingine. Nilianza kuwaambia watoto kuhusu shule zenye madirisha. Kisha faili likasimama. Mwezi uliopita ikaja barua: maelezo ya baba na ya binti yanapingana kuhusu namna mlivyokimbia na kuhusu mama. Njooni wote wawili ofisini Mbarara. Msipoeleweka, kesi inafungwa, na ikifungwa haifunguliwi tena.

Nilimsomea Papa. Akauliza saa ngapi tunatakiwa kufika. Hilo tu.

Jana alfajiri niliiweka rejista kwenye mfuko. Niliona ndiyo ushahidi wetu: mhuri wa stesheni, tarehe, jina lake. Nani angebisha? Papa akaingia, akaufungua mfuko, akaitoa, akairudisha kwenye rafu.

"Hii haiendi."

"Papa, ndiyo itatuokoa."

"Nimesema ibaki hapa, Sifa."

Nilichukia. Nikajisemea moyoni, tazama, hata leo karatasi zake ni bora kuliko sisi. Nikamgeuzia kisogo mpaka tumeipita Isingiro.

Mbarara tulifika mapema mno, kwa sababu Papa hawezi kufika sehemu kwa wakati, lazima afike kabla. Tukashuka, akalinyoosha koti lake, akatazama maghorofa, akamwendea mtu wa bodaboda na kumwuliza gare iko upande gani.

"Treni? Mzee, hapa Mbarara treni hakuna. Mimi nazaliwa hapa, hapana ona treni."

Wenzake wakacheka. Mmoja akaigiza mlio wa treni na mikono. Papa akanigeukia na sura ya mtu aliyetukaniwa mgeni wake.

"Muji mukubwa hivi, na hauna gare?"

Nilimvuta tukaingia kunywa chai. Meza ya jirani alikuwapo mzee Mnyankole, askari wa zamani, ndiyo maana alikuwa na Kiswahili. Alikuwa amesikia. Akasogeza kiti.

"Mimi napanda treni zamani. Ile ya Kasese. Nabeba matooke mpaka Kampala, mara mingi sana. Sasa kule mbuzi tu nakula majani katikati ya reli."

Basi Papa akafufuka. Akauliza mabehewa yalikuwa mangapi. Daraja la tatu lilikuwa na viti vya mbao au vya chuma? Treni ilisimama dakika ngapi kila stesheni? Mzee akamweleza jinsi watu walivyopanda kupitia madirishani, jinsi mkewe alivyokaribia kujifungulia ndani ya behewa, jinsi treni ya abiria ilivyopungua mpaka siku moja ikaacha kuja na hakuna mtu aliyewatangazia. Stesheni ilibaki na bango la jina tu. Wakatikisa vichwa kwa pamoja, watu wawili wasiofahamiana.

"Na kengele? Balikuwa banapiga kengele ngapi?" Papa akauliza.

"Kengele? Mimi nasikia filimbi tu."

Papa akaweka kikombe chini. Nadhani aliisikitikia Uganda.

Niliwaangalia na nikaona wivu. Angeweza kuzungumza na mgeni saa nzima juu ya viti vya mbao, na kwangu mimi, tangu nina miaka kumi na mitatu, hajasema neno moja kuhusu siku tuliyokimbia. Nilikuwa na swali moja tu maishani mwangu na sikuwahi kumwuliza: uliinua vipi bendera wakati Mama hajapanda?

Nilijua jibu langu mwenyewe. Dakika kumi ziliisha. Alitazama saa yake ya Kibelgiji, dakika kumi ziliisha, akapiga kengele. Mheshimiwa aliachwa nyuma ya ghala, na Mama akaachwa vilevile. Miaka kumi na tano nimempikia, nimemfulia, nimemwita Papa, na nimemchukia kila Jumamosi anapofuta vumbi lile daftari.

Saa tano tukaitwa.

Chumba kidogo, feni haizunguki. Ofisa mwanamke wa rika langu, na mkalimani, mwalimu wa zamani kutoka Uvira. Ofisa akaanza na mimi. Nikasema nilidanganya. Tulikuja na treni. Nikaeleza foleni, nikaeleza tiketi. Mwalimu akatafsiri bila kunitazama. Nafikiri naye aliwahi kukaa kwenye foleni ile. Ofisa akaandika, kalamu haikusimama.

Akauliza, na mama?

Nikasema hakuumwa homa. Alibaki stesheni.

Kwa nini alibaki?

Hapo ndipo nilipokwama. Na hapa pia nilikwama, nimeacha kuandika nikaenda kuchochea moto, nikarudi.

Sijawahi kumwambia mtu. Siku ile risasi zilikuwa zinasikika tangu asubuhi. Treni ilitoka Nyunzu imejaa watu hadi kwenye vyuma vya kuunganishia mabehewa. Kengele ya pili ilipigwa, tukapanda, mimi na Mama, tukapata nafasi ya kusimama mlangoni. Nikaangalia miguu yangu. Nilikuwa na ndala. Viatu vyangu vya shule, vyeusi, vya kufunga na mkanda, ambavyo mjomba alinitumia kutoka Kalemie na nilikuwa nimevivaa Jumapili mbili tu, vilikuwa chini ya kitanda.

Nikaanza kulia. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, risasi zinalia, mimi nalilia viatu.

Mama akasonya. Akaangalia nje, akapima. "Tulia. Ya tatu haiyapigwa bado," akasema, akashuka. Hakukimbia hata. Alikuwa mke wa shefu wa gare, alizijua dakika zake kumi.

Hiyo ndiyo sababu. Na mbele ya yule ofisa nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Ofisa akarudia swali. Faili liko wazi mbele yake, majina ya wanangu yako juu. Nikaona nafunga kesi kwa ukimya wangu.

Papa akazungumza.

"Ni mimi nilimutuma. Nilisahau rejista ya gare ku nyumba. Nikamuambia arudi aikamate."

Mwalimu akatafsiri. Mimi nikamgeukia Papa.

Ofisa akauliza kama alimwona tena.

"Nilimuona. Alikuwa anakuja, amefika pa tanki ya maji. Alikuwa na kitu mu mukono."

Hiyo rejista?

Papa hakunitazama. "Ndiyo. Rejista."

Mbona hakufika?

"Kilianguka. Akainama kukiokota." Akaitazama feni. "Benye bunduki balikuwa bamefika ku maghala, banapiga risasi. Dereva alikuwa ananiangalia miye tu. Kama siinue drapo, haondoke. Na mu treni bantu balikuwa bamejaa, na batoto. Nikapiga ya tatu. Nikainua drapo."

Alisema hivyo mikono ikiwa juu ya magoti, sauti ileile ya kutaja stesheni. Alimwona. Miaka yote hiyo nilidhani labda hakumwona. Nilimpa nafasi hiyo moja kichwani mwangu, na alimwona.

Kisha ofisa akanigeukia. Mama yako alirudi kuchukua rejista ya baba yako. Ni kweli?

Daftari lile asubuhi hiyohiyo lilikuwa mikononi mwangu. Halikuwahi kusahaulika popote. Siku ya treni lilikuwa kwapani mwa Papa tangu kengele ya kwanza. Nakumbuka lilivyonichoma ubavuni alipopanda behewa letu treni ikiwa imeshaanza kutembea. Na daftari likianguka unaokota mara moja tu, unaendelea. Ni viatu, ndivyo vinavyoanguka kimoja.

Alijua. Alijua tangu siku ile Mama alishuka kwenda kuchukua nini na kwa ajili ya nani. Mtu ambaye hajawahi kuandika dakika ya uongo maishani mwake alikaa mbele ya serikali akadanganya, na aliuacha ushahidi nyumbani makusudi ili uongo wake usimame. Na sasa maneno yangu yalitakiwa yafanane na yake, ama watoto wangu wabaki hapa.

Nilisema ndiyo.

Ofisa akaandika. Akasema sasa maelezo yanakubaliana, faili litaendelea, tusubiri simu. Akafunga jalada. Mwalimu akampa Papa mkono. Ilikuwa bado haijafika saa sita.

Njia nzima ya kurudi Papa alisema mara moja tu, tulipowapita ng'ombe wenye mapembe marefu wanaelekea Endiinzi, kwamba hawa wangemchelewesha dereva dakika ishirini na wangeandikwa.

Sikuuliza. Mnaweza kunicheka. Nilikuwa naye kiti kimoja kwa saa mbili na sikuuliza.

Leo mchana amekwenda kanisani, kwaya ina mazoezi, na mvua haimzuii mtu kama yeye. Watoto wako shule. Nikaichukua rejista. Plastiki imekuwa ngumu, imevunjika mikononi. Nikaenda ukurasa wa mwisho.

Mwandiko wake ni uleule mzuri, haukutetemeka. Treni kutoka Nyunzu. Kengele ya pili, saa nane na dakika sita.

Kengele ya tatu, saa nane na dakika ishirini na saba.

Nilihesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Nafasi ya ucheleweshaji imejazwa: dakika kumi na moja.

Alingoja.

Risasi zikiwa maghalani, treni nzima ikimpigia kelele, dereva akimtolea macho, Papa aliziongeza dakika zake kumi kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Dakika kumi na moja za watu wengine aliziiba, kwa maneno yake mwenyewe. Hazikutosha. Kiatu kilianguka.

Na nafasi ya sababu iko wazi. Hakuna kitu. Ni mstari pekee wa namna hiyo katika daftari zima.

Nimekaa nao hapa mapajani. Sijisikii vizuri kujua kwamba alingoja, naomba msiniandikie hivyo chini. Naumia zaidi. Nilipokuwa na mtu wa kumchukia niliweza kulala. Sasa nimenyang'anywa huyo, na aliyebaki ni mtoto mmoja mwenye ndala analia mlangoni mwa behewa, na huyo siwezi hata kumpiga kofi.

Na yeye je? Miaka kumi na tano alikuwa anaona jinsi ninavyomwekea chakula bila kumtazama. Alijua nafikiri nini. Neno moja lingetosha kunifunga mdomo, na hakulisema. Hata hilo linanikasirisha. Nani alimwomba anibebee? Angenipiga, angenitukana, angesema ni wewe, ningekuwa nimelia nikamaliza.

Mvua imepungua. Namwona anakuja, viatu mkononi, suruali amekunja mpaka magotini, anakwepa matope. Amesimama kutazama mawe yake. Ameinama, amelinyoosha moja.

Ameingia. Ameona rejista iko wazi mapajani mwangu. Sikuificha.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Papa."

Amevua koti, ameling'iniza kwenye msumari, amejifuta uso kwa muda mrefu kuliko ulivyolowa. "Funga basi," amesema. "Itashika maji."

Sijaifunga. Ameketi kwenye kigoda chake, ananisubiri, na kalamu iko hapo mezani kati yetu. Nafasi ya sababu ni nyembamba, yanaingia maneno mawili tu. Ninayo, nimekuwa nayo tangu nina miaka kumi na mitatu.

Mkono wangu utayaandika mbele yake?